Kabla ya Kuomba Shule ya Sheria Marekani, Pima Nafasi Yako kwa Kipimo Kinachokuhusu

Nilipoanza kuomba nafasi ya kusomea JD, yaani shahada ya sheria, nchini Marekani, nikiwa na shahada ya kwanza niliyoipata Tanzania, niliichukua GPA yangu, yaani wastani wa alama zangu za chuo, nikaigeuza mwenyewe kutoka kipimo cha 5 hadi cha 4, kisha nikailinganisha na ya wanafunzi wa kila shule. Kwa hesabu hiyo nilizifuta shule tatu ambazo hadi leo naamini zingenifaa.

Hesabu yenyewe haikuwa na maana. Matokeo yetu ya chuo hupitia LSAC, baraza linaloshughulikia maombi ya shule za sheria, na shahada ya nje ya Marekani na Kanada haigeuzwi kuwa GPA, bali hupewa daraja la maneno, kuanzia bora sana hadi chini ya wastani. Kwa kuwa shule haina GPA yako ya kuiingiza katika takwimu zake, alama ya LSAT, mtihani wa kuingilia shule za sheria, ambayo huanzia 120 na kuishia 180, ndiyo inayobeba uzito mkubwa zaidi.

Kila shule iliyoidhinishwa na Chama cha Mawakili cha Marekani hulazimika kutoa taarifa kila Desemba, ikionyesha idadi ya walioomba, waliokubaliwa na waliojiunga, pamoja na alama tatu za LSAT za hao waliojiunga: ya robo ya chini, ya katikati na ya robo ya juu. Tuseme alama hizo ni 161, 165 na 168. Wengi wetu huidhani 161 kuwa kiwango cha chini cha kuingilia, ilhali maana yake ni kwamba robo ya darasa ilipata alama hiyo au pungufu. Ukiwa na 168 una matumaini ya kweli. Ukiwa na 160 mlango haujafungwa, ila itabidi insha, barua za walimu na historia yako ya kazi zikutetee kwa nguvu. Kwa Yale, inayopokea wanafunzi wapya wapatao 200 tu kwa mwaka, hata mwenye 175 asijihesabie nafasi.

Shule nyingi huanza kupokea maombi Septemba na kujaza viti kadiri zinavyoyasoma, hivyo ombi la Februari hukuta viti vichache. Hata hivyo, kati ya kuwahi na alama dhaifu na kusubiri mwaka mmoja urudie mtihani, mimi nashauri usubiri, kwa sababu shule nyingi huzingatia zaidi alama yako ya juu. Nilisubiri, alama yangu ikapanda kutoka 158 hadi 166, na barua ya kwanza ya kukubaliwa ikatoka kwenye shule mojawapo ya zile tatu nilizokuwa nimezifuta.