Kabla Hujamwandikia Mtunzi wa Programu: Maneno kwa Wageni wa Amiga

Wadogo zangu,

Wiki hii nimepokea jumbe kutoka kwa vijana watatu ambao wote wamenunua Amiga 1200, ile kompyuta ya Commodore ya miaka ya tisini, ndani ya mwaka huu, na kila mmoja wao amerudia kosa nililolifanya mimi zamani. Wa kwanza aliuliza ni nani mwenye faili la ufunguo, lile analopewa aliyelipia ili programu ifunguke, la programu fulani ili amgawie, kana kwamba anaomba chumvi kwa jirani. Wa pili alilipia programu Jumamosi usiku, na Jumapili kabla ya chai akawa ameshaanza kulalamika kwamba ametapeliwa. Wa tatu aliandika maneno mawili tu, "haifanyi kazi", akaenda kulala. Sisi tunaozungumza Kiswahili katika mambo haya tungeenea ndani ya Hiace moja na konda angeendelea kuita abiria, kwa hiyo mmoja wetu akiharibu jina, limeharibika la wote. Ndiyo sababu ninaandika, na mtanivumilia nitakapopandisha sauti.

1. Mnayemlipa ni mtu mmoja. Commodore ilifilisika Aprili 1994, na mfumo wetu wa uendeshaji, AmigaOS 3.1, ukabaki yatima hadi zilipokuja 3.5 mwaka 1999 na 3.9 mwaka 2000. Kisha ukafuata ukimya mrefu, mpaka 3.1.4 ilipotoka mwaka 2018 na 3.2 mwaka 2021. Msiniulize kwa nini 3.1.4 imezaliwa baada ya 3.9, kwa sababu hiyo ni hadithi ndefu yenye mawakili ndani yake. Katika miaka yote hiyo waliotushikia taa ni watu binafsi, walioajiriwa mchana kwa kazi nyingine kabisa, wakarudi nyumbani jioni, wakawalaza watoto, ndipo wakaketi kuandika programu. Mkiona programu inauzwa euro 30, msipige yowe na kuilinganisha na programu ya simu inayouzwa kwa bei ya soda, kwani ile ya simu ina wanunuzi wasiohesabika na hii yetu wanunuzi wake karibu wote wanajuana kwa majina. Waliotutangulia walikuwa wakitia noti za maki ya Kijerumani ndani ya bahasha, wakaipeleka posta, na kungoja wiki kadhaa mpaka disketi au ufunguo ufike. Wewe wa pili umengoja ufunguo kwa muda wa saa tisa, nazo ulikuwa umelala.

2. Ufunguo hauazimwi. Faili la ufunguo mara nyingi limebeba jina lako, na likionekana mahali lisipopaswa kuwa, mtunzi hahitaji kufanya upelelezi. Wapo waliokwenda mbali zaidi: MorphOS, ule mfumo wa jamii ya Amiga unaoendeshwa kwenye Mac za zamani za PowerPC, humpa asiyejisajili dakika 30 za kasi kamili kila anapowasha, kisha mashine huanza kujikokota, na ufunguo wake umefungwa kwenye mashine moja ileile. Ninamjua bwana mmoja aliyejizoesha kufanya kazi zake zote ndani ya dakika hizo 30, akiwa ameweka saa ya jikoni kando ya kibodi. Alikwenda hivyo kwa miaka miwili, kisha akalipa, na akakiri kwamba alichokuwa akikikosa wakati wote huo ni chai ya kunywa taratibu.

3. Someni mahitaji ya programu kabla ya kulipa, na someni mashine zenu kabla ya kuandika ripoti. Hapa itanibidi nikae kidogo.

Miaka kadhaa iliyopita nilinunua programu ya kuchakata picha kutoka kwa mtunzi mmoja wa hapa Ulaya. Mstari wa kwanza wa maelezo yake ulisema kwamba inahitaji FPU, yaani chipu ya kusaidia prosesa katika hesabu za desimali. Niliusoma mstari huo kama mtu anavyosoma "tikisa kabla ya kutumia". Mashine yangu ilikuwa A1200 yenye kadi ya kuongeza kasi ya Blizzard 1230 niliyoinunua kwa mkono wa pili, na muuzaji alikuwa ameandika katika tangazo lake kwamba ina prosesa ya 68030 na FPU ya 68882, yaani kadi ina kila kitu. Nikasakinisha, nikabofya ikoni, na mara kikatokea kile kisanduku tunachokijua sote: "Program failed", error #8000000B, na vitufe vyake viwili vya Suspend na Reboot.

Wakongwe watakuwa wameshaanza kucheka. Namba hiyo maana yake ni kwamba prosesa imekutana na amri inayoanza na F ambayo haina wa kuitekeleza, na sehemu hiyo ndiyo zinapokaa amri za FPU. Mtunzi naye alilijua hilo, na jibu lake la kwanza, lililonifikia siku ileile, lilikuwa la adabu na la sentensi moja: je, ningeweza kufungua Shell, lile dirisha la kuandikia amri, nikaandika CPU, amri inayotaja prosesa na FPU zilizomo, na kumtumia kile kitakachoandikwa?

Mimi nilikuwa kazini, wakati wa chakula cha mchana. Amiga ilikuwa nyumbani. Kungoja hadi jioni kulinishinda, na zaidi ya hapo niliona swali lenyewe ni la kunidharau, kana kwamba mtu wa umri wangu hajui kilichomo ndani ya mashine yake. Nikamwandikia "System: 68030 68882", kwa mpangilio uleule ambao amri ile huutumia, ili ionekane nimenakili. Nilinakili kweli, lakini nilinakili kutoka tangazo la muuzaji lililokuwa kichwani mwangu.

Kwa kuwa aliniamini, ilimbidi aache kuishuku mashine yangu na aanze kuushuku msimbo wake. Namba ile inaweza pia kutokea pale programu inapopotea njia na kuanza kutekeleza data isiyo amri, na kosa la namna hiyo ndilo linalomnyima mtunzi usingizi, kwa sababu linaweza kuwa popote. Alinitumia toleo la majaribio, nikajibu "bado". Akatuma jingine, nikajibu "bado". Yalifika saba. Jumbe zake zilikuwa zikiingia saa saba usiku, saa nane usiku, na mimi nilizijibu wakati wa kungoja basi. Aliazima kadi kama yangu kutoka kwa rafiki yake, naye rafiki huyo alisafiri kwa treni kuileta, na kwenye kadi hiyo programu ikaenda bila tatizo. Hilo lilinitia hasira badala ya kunifungua macho. Tulipokutana wapenzi wa Amiga siku moja ya Jumamosi, katika ukumbi tunaoukodi hapa Uingereza ninakoishi, nilisimama kando ya meza ya chai nikasema kwa sauti kwamba programu ile haijaiva, na watu wanne waliokuwa tayari wamekwisha kutoa pochi zao wakazirudisha mfukoni. Mtunzi alinirudishia fedha zangu zote pasipo kuombwa, akaomba radhi.

Miezi mitano baadaye betri ya saa ya kadi ile ilikufa. Nikaigeuza mashine, nikafungua kile kifuniko cha chini, nikaichomoa kadi na kuiweka juu ya gazeti. Kando ya 68030 kulikuwa na soketi ya mraba, safi, yenye safu za matundu madogo madogo, na ndani yake hamkuwa na kitu. Nilikaa nikiitazama kama mtu aliyefungua sefuria akitarajia wali akakuta sefuria imeoshwa.

Mngetegemea kusikia kwamba nilimwandikia usiku uleule. Nilikaa kimya miezi miwili. Kwanza nilijiambia kwamba kosa ni la muuzaji, ambalo ni kweli kwa sehemu, kisha nikajiambia kwamba mambo yamekwisha kupita. Hatimaye nilimrudishia fedha zake na kumweleza yote, pamoja na habari ya kuandika kwa kumbukumbu. Alijibu kwa upole uliokuwa mzito kuliko tusi. Alisema anashukuru kujua, na kwamba katika zile wiki tatu za majaribio yetu, kwa kuwa hakuona kosa popote, aliifuta sehemu ya kukokotoa rangi iliyokuwa nzuri na kuiandika upya kwa tahadhari nyingi, ikawa salama zaidi na ya polepole zaidi, na hiyo ndiyo iliyokwisha kutolewa kwa wanunuzi wote. Kisha nikafungua AmigaGuide, yaani hati ya maelezo, ya toleo hilo. Jina langu limo, katika orodha ya walioshukuriwa kwa ripoti zao za hitilafu, la tatu kutoka juu.

4. Ripoti inayofaa ina mambo machache: toleo la programu, toleo la Kickstart (sehemu ya mfumo iliyo kwenye chipu) na la Workbench (sehemu iliyo kwenye diski) kama amri ya Version inavyoyataja, namba ya kosa yote bila kuikata, na ulichokuwa ukifanya tatizo lilipotokea. Kabla ya kuandika, washeni mashine huku mmeshikilia vitufe vyote viwili vya kipanya, ingieni bila startup-sequence, ile orodha ya amri zinazoendeshwa mashine inapowaka, na mkiona tatizo limetoweka, basi mkosaji yumo miongoni mwa vikorokoro mlivyojaza kwenye User-Startup au kwenye droo ya WBStartup, vinavyojiwasha pamoja na mashine. Programu ya SnoopDos itawaonyesha ni faili lipi programu inalitafuta na kulikosa.

5. Kuhusu malipo kwa walioko nyumbani: wengi wa watunzi hawa hawaijui M-Pesa, kwa hiyo pateni kadi inayokubali malipo ya mtandaoni na mhakikishe jina lililo kwenye kadi ndilo mnalotaka liandikwe kwenye ufunguo. Mkinunua 3.2, agizeni chipu za ROM, zile zinazobeba Kickstart, za mashine yenu hasa, maana A1200 inatumia chipu mbili na A500 inatumia moja, na angalieni kwamba soketi za A1200 zina matundu 42 ilhali chipu ina miguu 40, jambo ambalo limeunguza mioyo ya wengi na chipu za baadhi yao. Masasisho ya 3.2.1, 3.2.2 na 3.2.3 yalitolewa bure kwa aliyekwisha kununua, hivyo msimlipe mtu anayejidai kuyauza.

6. Fedha si njia pekee ya kumsaidia mtunzi. Programu nyingi za Amiga husoma maneno yake kutoka kwenye faili za katalogi, na katalogi za lugha nyingi zimefanywa na watu wa kujitolea. Workbench haikuja na kiendeshi cha Kiswahili, yaani faili la kuutambulisha mfumo na lugha yetu, lakini hakuna anayetuzuia kukitengeneza. Mmoja wenu ameshaanza kutafsiri katalogi ya programu moja ndogo, na tumebishana jioni nzima kuhusu kitufe cha Cancel: yeye anataka "Ghairi", mimi nataka "Acha", kwa sababu nafasi ni finyu na mtu aliyeshtuka hana muda wa kusoma neno refu. Nimeshindwa katika hoja ya lugha, ila sijakubali bado.

Sasa ninarudi kwako, kijana wa "haifanyi kazi". Sijakukasirikia kama unavyodhani. Najua namba uliyoiona, kwa sababu rafiki yako aliniambia, nayo inaishia na B. Najua pia kadi uliyo nayo na ulivyoipata, kwa tangazo linalosema ina kila kitu. Ukifika nyumbani, usiniandikie unachokikumbuka. Fungua Shell, andika CPU, bonyeza Return, piga picha ya skrini kwa simu yako hata kama imepinda, unitumie. Ya kwangu nimeipiga jioni hii nitakutumia uilinganishe. Inasoma 68030 68882, na ile 68882 niliinunua peke yake, nikaiingiza kwenye soketi kwa mkono wangu mwenyewe.