Usiulize nani mkubwa, uliza kakua wapi: kwa nyie mnaoanza kupima mijusi

Wadogo zangu mnaoingia kwenye hii kazi, swali la kwanza kila mtu anakuja nalo ni "eti kati ya dume na jike nani mkubwa?" na mimi nilianza na hilohilo, nikapima miezi kadhaa, nikachora grafu zangu vizuri kabisa, alafu aliyekuwa ananisimamia akaniuliza kitu kimoja tu: "mkubwa wapi?" Sikuwa na jibu. Kalipa, kile kifaa cha kupimia milimita, ilikuwa nzuri, mkono ulikuwa umetulia, namba zilikuwa sahihi, ila nilikuwa nimepima kitu kimoja tu nikadhani nimempima mjusi mzima. Mwili wa mjusi haukui wote kwa pamoja kama puto. Kichwa kinakua kwa sababu zake, tumbo linakua kwa sababu zake, mkia nao una mambo yake, na dume na jike wanaachana hapo, sehemu moja moja.

Kabla ya yote tukubaliane tunapima nini. Urefu tunaoutumia unaanzia ncha ya pua mpaka kwenye kloaka, ule mpasuo wa chini pale mkia unapoanzia, na mkia hauhesabiwi humo. Mijusi wengi wakishikwa na adui wanaacha mkia na kukimbia, unaota mwingine ambao kwa kawaida ni mfupi na magamba yake hayafanani na ya zamani, sasa wewe ukijumlisha mkia unakuwa unapima ni mara ngapi huyu mjusi kaponea chupuchupu, sio ukubwa wake. Mkia una kazi yake, upime pembeni na uandike palepale kama ni wa asili au umeota upya, usiseme ntakumbuka maana hutokumbuka. Alafu usimvute ili anyooke, mlaze tu anyooke mwenyewe, pima mara 3, na kama inawezekana rudia baadhi yao bila kuangalia namba za mwanzo ndo utajua mkono wako unakosea kwa kiasi gani. Na wale wa kwenye mitungi ya alkoholi wanasinyaa kidogo, kwa hiyo usiwachanganye na walio hai kwenye jedwali moja halafu ushangae.

Kitu cha pili ni jinsia, na hapa naomba mnisikilize vizuri kwa sababu ukikosea hapa kila kinachofuata kimeharibika. Usitumie rangi peke yake. Kweli kwa mijusi wengi aina ya Agama dume mwenye eneo lake anakuwa na kichwa chekundu au cha machungwa na mwili wa bluu unamwona toka mbali, jike ni kahawia, mtu anaona mbona rahisi. Shida ni kwamba madume wadogo na wale wasio na eneo nao ni kahawia vilevile. Kuna wale mijusi bapa wa Afrika Kusini, Platysaurus broadleyi, dume kijana anabaki na rangi za jike kabisa na kwa njia hiyo anapita katikati ya maeneo ya madume wakubwa bila kupigwa, sasa kama madume wenzake anawadanganya kwa macho wewe uliyesimama mita 10 utamjua vipi? Na unavyowaweka hao kwenye kundi la majike unashusha wastani wa majike na kupandisha wa madume kwa mpigo mmoja, tofauti inaonekana kubwa kuliko ilivyo.

Kwa hiyo mgeuze. Mshike kwa mwili, sio mkia, kiganja kiwe chini yake, na utumie lenzi. Kwenye spishi nyingi utaona mstari wa vitundu vidogo chini ya mapaja au mbele kidogo ya kloaka, na kwa dume aliyekomaa vitundu hivyo ni vipana na vina kitu kama nta kimejitokeza, ukipitisha kidole taratibu unahisi vinakwaruza. Kwa jike ni vidogo sana au havipo kabisa. Angalia pia mwanzo wa mkia, dume anatuna pale kwa sababu viungo vyake vya uzazi viko 2 na vinalala ndani ya mkia, ndo maana hata mkia wa dume mara nyingi ni mnene pale chini na kwa spishi nyingi ni mrefu kidogo kuliko wa jike wa mwili uleule. Mijusi kafiri wa ukutani ukiwaangalia kupitia kioo unaona tofauti hii bila hata kuwagusa. Kenge ndo wagumu, majike wao nao wana viungo vidogo vinavyoweza kutokeza nje vikafanana na vya dume, na watu wazoefu kabisa wamewahi kudanganyika. Kuchomeka kifaa ndani kutafuta jinsia muachie aliyefundishwa, unaweza kumjeruhi mnyama vibaya. Na jike mwenye mayai usimbinye tumbo kamwe. Ukishindwa kujua andika "haijulikani" uendelee, sampuli 5 zenye alama ya kuuliza hazina madhara kama sampuli 5 za kubahatisha.

Haya sasa tuje kwenye penyewe.

Dume anakua kichwa. Hii utaiona kwenye familia nyingi sana za mijusi, hata pale ambapo jike ndo mrefu zaidi. Madume wanang'atana, wanagombania eneo na majike, na taya pana maana yake ni misuli mingi ya kung'ata nyuma ya macho. Mfano mzuri ni yule Plestiodon laticeps wa Marekani, dume aliyekomaa kichwa kinavimba pembeni na kuwa cha rangi ya machungwa mpaka unaona kama kimebandikwa kwenye mwili wa mjusi mwingine. Ukiwapanga madume toka mdogo mpaka mkubwa utaona wakiwa watoto vichwa vya madume na majike vinakaribiana sana, alafu dume akianza kukomaa kichwa kinakimbia kuliko mwili. Ndo maana usiishie kwenye wastani, chora kichwa dhidi ya mwili, dume rangi yake jike rangi yake, uone mistari inaachana wapi. Mimi siku nilipoichora hivyo kwa mara ya kwanza nilielewa zaidi ya nilichoelewa kwa miezi yote ya nyuma.

Jike anakua kiwiliwili, ule urefu kutoka kwapa mpaka nyonga, kwa sababu mayai au watoto lazima wakae mahali. Chukua Zootoca vivipara wa Ulaya na Asia ambaye sehemu kubwa anazaa watoto hai, jike ni mrefu kuliko dume, na jike mrefu anazaa watoto wengi kuliko jike mfupi, lakini kichwa kikubwa ni cha dume. Sasa nani mkubwa hapo? Unaona kwa nini lile swali halitoshi.

Na hapa ndo kuna mtego ulioniingiza mimi na naona unawaingiza wengi. Tuseme una dume na jike wenye vichwa sawasawa kabisa, milimita 14 kila mmoja. Dume ana urefu wa milimita 60. Jike ana 66 kwa sababu tumbo lake limerefuka kwa milimita 6, basi, kingine chochote hakijabadilika. Ukigawa kichwa kwa urefu unapata 0.233 kwa dume na 0.212 kwa jike, unakimbia kuandika "dume ana kichwa kikubwa zaidi." Hana! Vichwa viko sawa, ni tumbo la jike limeingia kwenye hesabu kwa chini. Kugawa kwa urefu wa mwili kunachanganya vitu viwili ambavyo ndo hasa ulikuwa unataka kuvitenganisha, na hata ukitumia mbinu kubwa za takwimu za kwenye laptopu, kama kipimo chako cha msingi ni huo urefu wa mwili, tatizo linakufuata kwa sababu liko kwenye kipimo. Dawa yake ni kupima vitu vingi tangu siku ya kwanza: urefu wa kichwa, upana wake, kina chake, kwapa hadi nyonga, mguu wa mbele, mguu wa nyuma, na uzito. Halafu angalia kila kimoja dhidi ya vingine kadhaa. Inachosha najua, lakini mjusi ukishamwachia humpati tena.

Mtu ataniuliza mbona basi kuna spishi dume ni mkubwa kila mahali, hata mwili mzima? Ni kweli wapo, na kwa mijusi ni kawaida sana kukuta dume mrefu. Anolis sagrei wa Cuba na Bahamas dume aliyekomaa anaweza kuwa na uzito zaidi ya mara 2 ya jike. Ila angalia anavyotaga: jike wa Anolis anatoa yai 1 kwa wakati, awe mkubwa awe mdogo ni 1. Mijusi kafiri wengi wanatoa 2. Kwa hiyo ile faida ya jike kurefuka ili abebe mayai mengi kwa mkupuo hapo inapungua sana, huku dume bado anapigania eneo. Linganisha na spishi ambayo idadi ya mayai inapanda na ukubwa wa mama, hapo jike ana kila sababu ya kurefuka. Ukipata spishi mpya kabla hujafungua kalipa tafuta kwanza anataga mangapi na kama madume wana maeneo wanayolinda, utakuwa umeshajua nusu ya utakachokiona.

Nusu nyingine ni mahali anapoishi na anachokula. Mwaka 1967 mtafiti Thomas Schoener alionyesha kwa Anolis conspersus wa kisiwa cha Grand Cayman kwamba ukubwa tofauti wa dume na jike unaendana na ukubwa tofauti wa wadudu wanaowala, yaani wanagawana chakula. Na kwenye visiwa vya Karibi Anolis wanaokaa chini ya shina karibu na ardhi tofauti yao kati ya dume na jike ni kubwa, wale wa vijitawi vyembamba tofauti ni ndogo.

Sasa umri. Mijusi wengi wanaendelea kukua baada ya kukomaa ingawa taratibu, kwa hiyo kama madume wa eneo lako wanauawa mapema na majike wanaishi sana, utakuta majike "wakubwa" kumbe ni wazee tu. Toa watoto kwenye hesabu, na ujue ukubwa wa kukomaa kwa kila jinsia maana hawakomai kwa urefu mmoja. Usichukue pia yule mmoja mkubwa kuliko wote ukamfanya ndo kipimo cha jinsia yake. Nikupe mfano: kinyonga mdogo sana wa kaskazini mwa Madagaska, Brookesia nana, alitangazwa mwaka 2021, dume milimita 13.5 na jike 19.2 bila mkia. Fomula tunayotumia kuonyesha tofauti ya dume na jike ni kugawa urefu wa mkubwa kwa wa mdogo kisha kutoa 1, unaweka jumlisha kama jike ndo mkubwa na kutoa kama ni dume, hapo unapata +0.42, namba kubwa kweli. Lakini aliyepimwa ni dume 1 na jike 1. Waliomwelezea walifanya walichoweza na walichokuwa nacho, ila wewe usiichukue 0.42 ukaiweka kwenye jedwali sawa na spishi iliyopimwa mijusi 200.

Na usidhani namba uliyoandika leo ndo ya mjusi huyo maisha yake yote. Iguana wa baharini wa Galápagos walipimwa kwa miaka mingi, na utafiti uliotoka mwaka 2000 ulionyesha miaka ya El Niño mwani unapopotea wanafupika, sio kukonda, kufupika urefu, mpaka asilimia 20, alafu chakula kikirudi wanarefuka tena. Kwa hiyo andika mwezi, mwaka na hali ya chakula.

Kuna kimoja nakipenda sana niwaachie. Watu walidhani homoni ya kiume testosteroni kazi yake ni kukuza dume. Kwa mijusi wa Sceloporus, utafiti wa mwaka 2005 ulikuta kwenye spishi ambayo dume ni mkubwa homoni hiyo inamkuza, na kwenye spishi ambayo jike ni mkubwa homoni ileile inamzuia dume asikue. Homoni moja, ndugu wa karibu, matokeo yamepinduka. Kila nikisoma tena nasisimka, kwa sababu maana yake hata ndani ya jenasi moja huwezi kubeba jibu la spishi hii ukalipeleka kwa ile.

Kwa hiyo kesho ukiwa na wa kwanza mkononi, mpumzishe kwanza kwenye kifuko cha kitambaa kivulini, pima uzito akiwa humohumo, alafu kichwa kwa sababu ndo anatulia kabla hajaanza kuhangaika, kisha kwapa hadi nyonga, mwisho urefu wa pua mpaka kloaka, na mkia pembeni. Jinsia iandike baada ya vipimo, ili jicho lako lisianze kutafuta kichwa kikubwa pale unapojua tayari ni dume. Na mrudishe kwenye jiwe au tawi lilelile ulipomtoa.