Usilipie Makala Ambayo Hakuna Aliyeisoma

Jumanne usiku nilipata ujumbe kutoka kwa kijana anayesoma shahada ya uzamivu ya elimu. "Shikamoo Madam. Kuna jarida limeniandikia kwamba makala yangu imekubaliwa, nilipe dola 120 itoke wiki hii hii. Chuoni wameniambia bila chapisho sitetei tasnifu. Nilipe?"

Nilizima jiko nikakaa. Barua pepe ya namna hiyo naijua vizuri. Iliwahi kunifikia mimi, na nikalipa.

Ilikuwa 2016. Nilikuwa Mhadhiri, nasubiri kupanda kuwa Mhadhiri Mwandamizi, na kilichopungua kwenye faili langu ni machapisho. Data nilikuwa nayo, tena nzuri. Nilikuwa nimekaa dawati la nyuma katika vipindi 31 vya kidato cha kwanza, Biolojia na Jiografia, kwenye shule tatu za sekondari wilayani Mvomero. Nilitaka kuona mtoto aliyesoma miaka saba kwa Kiswahili anafanyaje siku somo linapogeuka kuwa Kiingereza. Kila kitu nilikiandika kwenye kaunta buku la kwaya tatu. Hadi leo ninalo, jalada limetoka.

Makala ya kwanza niliipeleka kwenye jarida la chuo kimoja cha elimu. Baada ya miezi mitano ikarudi na kurasa tatu za maoni ya watathmini wawili, wasomi wanaoipima makala kabla haijachapishwa. Mmoja alikuwa mpole. Wa pili aliandika sentensi ambayo ilinichoma, na naikumbuka neno kwa neno: "Mwandishi ametueleza walimu walisema nini. Wanafunzi walikuwa wanafanya nini?" Mhariri akaomba marekebisho makubwa.

Nililia, ndugu zangu. Niliona nimedharauliwa na mtu asiyenijua, ambaye hajawahi kukanyaga shule zile. Wiki hiyo hiyo ikaingia barua pepe ya jarida jingine, la nje, inaniita mtafiti mashuhuri. Nikawatumia makala ile ile bila kugusa hata nukta. Siku ya nne wakajibu: imekubaliwa, hakuna marekebisho, dola 150. Nikaenda benki.

Ilitoka. Jedwali la pili halikuwemo, na jina langu la ukoo lilikosewa herufi. Kabla yangu kulikuwa na makala ya saruji, baada yangu makala ya magonjwa ya ng'ombe, na katikati yao wanafunzi wangu wa Mvomero. Hata hivyo niliichapa, nikaiweka kwenye faili, nikasubiri.

Kamati ya vyeo ikaikataa. Mkubwa mmoja alinirudishia faili mbele ya wenzangu akasema, "Hiki ulicholeta si chapisho, ni risiti." Mwenzangu tuliyeajiriwa mwezi mmoja alipanda mwaka ule. Mimi nilisubiri mingine mitatu. Nikikutana naye kwenye korido na watu wakamwita kwa cheo chake, bado kuna kitu kinanikaba kooni, nisiseme uongo.

Ila fedha na cheo si kitu kilichoniuma zaidi. Nilipotaka kuirudisha makala ile kwa mhariri wa kwanza ili niirekebishe kama alivyoomba, nikakumbuka sheria ya kila jarida makini: makala iliyokwisha kuchapishwa kwingine haipokelewi. Nikawaandikia wale wa dola 150 waiondoe. Wakataka dola nyingine za kuiondoa. Sikulipa, na ipo hadi leo. Hili vijana hamwambiwi. Ukichapisha pabaya unapoteza fedha, na makala yenyewe unakuwa umeichoma.

Basi nikafungua tena kaunta buku. Safari hii sikutafuta walimu, nilitafuta wanafunzi, kama yule mtathmini alivyouliza. Walikuwemo muda wote pembezoni mwa kurasa, mahali nilipokuwa nikichora vistari bila kuvifikiria. Mwalimu akiuliza "Tuko pamoja?" darasa linaitikia "Ndiyooo." Kila mara niliweka kistari. Katika kipindi kimoja cha Biolojia cha dakika 40 nilihesabu vistari 43. Maswali yaliyotoka kwa wanafunzi katika kipindi hicho: hakuna hata moja. Mtoto wa dawati la mbele yangu aliitikia "ndiyo" zote huku akichora gari kwenye daftari lake, gari zuri kweli, lenye kioo cha pembeni na mtu ndani.

Hapo ndipo makala ilipozaliwa. Niliiandika upya yote, kuanzia ikisiri. Nikaipeleka kwa mhariri yule yule, nikamweleza ukweli wote wa dola 150. Hakunisimanga. Watathmini wakairudisha mara mbili, na mara zote mbili nikatengeneza jedwali: maoni yao upande huu, nilichofanya upande huu, na ukurasa. Ilichukua mwaka na miezi minne, nayo ikatoka.

Sasa nisikilizeni. Kabla hujatuma makala, fungua matoleo ya nyuma ya jarida hilo uyasome. Uone kama yana watu wa fani yako. Tazama nani wamo kwenye bodi ya uhariri, waandikie wawili uwaulize kama kweli wamo. Usidanganywe na ISSN. Zile tarakimu nane ni za kulitambulisha jarida tu, kama namba ya gari, hazisemi dereva anajua kuendesha. Tafuta jarida kwenye DOAJ, orodha ya mtandaoni ya majarida yanayosomwa bure, iliyopo tangu 2003, au AJOL, tovuti ya Afrika Kusini inayohifadhi mamia ya majarida ya bara letu. Na muulize mkutubi wako! Mwaka ule mkutubi wetu angeweza kunionyesha orodha ya wachapishaji wa kutiliwa shaka ya Jeffrey Beall, mkutubi wa Marekani, kabla hajaiondoa Januari 2017. Sikumuuliza kwa sababu ya haraka. Haraka ndiyo iliyonila.

Na acheni kudharau majarida ya nyumbani. Shule Kuu ya Elimu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina *Papers in Education and Development*. Anayeandika kwa Kiswahili ana *Kiswahili* na *Mulika* za TATAKI, Taasisi ya Taaluma za Kiswahili ya chuo hicho hicho, ana *Kioo cha Lugha*. Mara nyingi wahariri wa majarida ya namna hii ni wahadhiri wenye mzigo wa vipindi, wanasahihisha mitihani ya mamia ya wanafunzi, kisha usiku wanasoma makala yako. Wanachelewa, ni kweli. Waandikie kwa adabu baada ya miezi mitatu, usiwatukane kwenye magrupu ya WhatsApp. Anayekusoma hapo ni mkufunzi wa walimu, mtu atakayeingia darasani kesho na maneno yako. Nani kwenye jarida la saruji na ng'ombe atafanya hivyo?

Narudia, someni matoleo ya nyuma. Narudia tena, mtu anayekubali makala yako kwa siku nne hajaisoma. Maoni yakikuuma, yaweke kando wiki moja, kisha yarudie ukiwa umelala vizuri.

Kijana wangu, nimekujibu usiku ule ule kwamba usilipe. Nitumie makala kabla ya Jumapili niisome. Nitakuandikia maoni, na mengine hayatakupendeza.

Mwezi uliopita nilipeleka nakala ya toleo lile Mvomero. Mwalimu wa Biolojia, ambaye kwenye makala nimemwita Mwalimu C, aliisoma amesimama chini ya mwembe wa shule, kidole kikifuata mistari. Alipofika kwenye 43 alinyamaza kidogo, akaniuliza, "Huyu ni mimi?" Nikamwambia ndiyo. Akaomba abaki nayo aisome na wenzake ofisini. Nikamwachia.