Gesi ya kiyoyozi inapungua kila mara: tatizo liko kwenye viungio

SWALI: Kiyoyozi changu cha spliti cha BTU 12,000, kinachotumia gesi ya R32, kilifungwa kwa mabomba ya shaba ya inchi 1/4 na 3/8, urefu wa mita 8. Kila baada ya miezi mitatu kinaacha kupoza, na valvu ya bomba jembamba kule nje inaganda barafu. Fundi anaongeza gesi, kinapoza, kisha hali inarudi ile ile. Je, gesi huwa inatumika ikaisha?

JIBU: Hapana. Gesi haichomwi kama mafuta ya gari. Huzunguka ndani ya mfumo uliofungwa. Ikipungua, imevuja. Barafu kwenye valvu ya bomba jembamba, pamoja na ubaridi kupungua, ni dalili ya gesi kuwa chini. Kuongeza tu bila kuziba panapovuja ni kupoteza pesa, na kompresa inaumia.

Anzeni na viungio vinne vya nati: viwili nyuma ya mashine ya ndani, viwili kwenye valvu za nje. Vueni sponji inayofunika mabomba, tafuteni alama za mafuta, kisha pakeni povu la sabuni.

Kiungio kikionekana kinavuja, msikaze tu nati kwa nguvu zaidi, kwani mdomo wa shaba (mwisho wa bomba uliopanuliwa ili nati iubane) unaweza kupasuka. Kateni mwisho wa bomba na kupanua mdomo upya. Lakini kwanza gesi iliyobaki itolewe kwa mashine ya kunyonyea gesi na kuingizwa kwenye mtungi wake. Kuirudisha kwenye mashine ya nje kwa kutumia kompresa wakati mfumo unavuja ni hatari: hewa ikivutwa ndani na kugandamizwa pamoja na mafuta, kompresa inaweza kulipuka. R32 pia inashika moto, kwa hiyo fungueni madirisha na zimeni kila moto.

Katika kupanua mdomo ndipo kazi nyingi huharibika. Tumieni kikata bomba, si msumeno, maana unga wa shaba ukiingia ndani huziba njia ya gesi. Elekezeni mdomo chini mnapoondoa ncha kali za ndani. Ingizeni nati kabla ya kupanua. Mdomo mzuri ni laini, hauna mkwaruzo wala ufa, na upana wake ni sawa pande zote. Anzeni kufunga nati kwa vidole mpaka ikae sawa, kisha tumieni spana mbili, moja ikishikilia kiungio kisijipinde. Spana ya kupima nguvu iwekwe kwenye Nm (kipimo cha nguvu ya kukaza) 14 hadi 18 kwa inchi 1/4, na takriban 33 hadi 42 kwa inchi 3/8; kitabu cha mashine yenu kikitaja namba nyingine, fuateni hiyo.

Kisha jazeni nitrojeni kavu kupitia regulata (kifaa cha kudhibiti presha), kwa presha iliyoandikwa na mtengenezaji, na muiache kwa saa 24. Presha hubadilika kidogo joto la hewa likibadilika, hivyo andikeni na nyuzi joto. Oksijeni isitumike kamwe: ikikutana na mafuta ya kompresa inalipuka.

Nitrojeni ikishatolewa, endesheni pampu ya vakyumu (inayonyonya hewa na unyevu) hadi mikroni 500 au chini (mikroni ni kipimo cha presha iliyobaki ndani), fungeni valvu ya pampu na kusubiri dakika 10. Kipimo kikipanda bila kusimama, bado panavuja. Kikipanda kidogo kisha kikatulia, kuna unyevu, endeleeni kuvuta. Msiruke hatua hii, kwa sababu unyevu ukichanganyika na mafuta ya kompresa huzaa asidi.

Gesi ijazwe kwa mizani, si kwa kukisia kwa geji. Chukueni uzito ulioandikwa kwenye kibandiko cha mashine ya nje, halafu mwongeze kwa kila mita inayozidi urefu uliohesabiwa kiwandani. Mfano: kama kiwanda kimehesabu mita 5 na nyongeza ni gramu 20 kwa mita, mabomba yenu ya mita 8 yanahitaji gramu 60 zaidi. Wakati mashine inafanya kazi, pakeni povu tena kwenye viungio vyote vinne kabla ya kurudisha sponji, na kila bomba livishwe sponji yake peke yake, mpaka kwenye nati.