Nyanya zilezile, meza ileile: maswali yenu ya loncha

Mbukwenyi wasomaji. Toleo lililopita nilichomekea sentensi moja tu, kwamba skrini ya mwanzo ya simu ya Android inabadilika yote ukiweka loncha nyingine (yani programu inayopanga ikoni kwenye hiyo skrini), basi meseji zimemiminika kuliko ule mwezi wa betri kuvimba. Nimechukua tano, zilizobaki zinafanana na hizi.

Fundi habari za kazi, mi nanunua na kuuza mahindi hapa Kibaigwa, simu yangu ni ya bei ya kawaida ina ramu 2GB. Nikitelezesha kidole kidogo tu inanirusha kwenye kurasa za habari za mastaa na matangazo ambayo sijaomba, bando linakwenda, na juzi mzigo ushapakiwa mwenye gari anasubiri hela yake mi nabonyeza programu ya kutuma pesa imeganda, nikaona aibu. Nikiweka loncha nyingine itakaa sawa? Na vitu vyangu si vitafutika?
*Mfanyabiashara, Kibaigwa*

Kaka tuanze na hilo la mwisho maana ndo linalowaogopesha wengi. Hakifutiki kitu. Loncha ni programu kama programu nyingine, kazi yake kupanga ikoni na kuzifungua ukizigusa, imeishia hapo. Pita asubuhi soko la Majengo mwangalie mama wa nyanya, leo kazipanga mafungu ya nne nne, kesho kaamua kuzimwaga zote kwenye sinia, nyanya ni zilezile meza ni ileile. Picha zako, namba za watu, meseji, pesa ya kwenye simu, hakuna kinachokaa kwenye loncha. Na ile iliyokuja na simu haiendi popote, inakaa pembeni tu, siku ukiifuta mpya yenyewe inarudi kazini.

Sasa kwa ramu 2GB, yani kumbukumbu ya simu ya kufanyia kazi, achana na zenye mbwembwe. Mi ningekwambia ujaribu KISS, ni ndogo kweli yani video moja ya grupu la harusi inaizidi, ni ya bure, haina matangazo na msimbo wake uko wazi kila mtu anaweza kuuona. Ila inataka kuzoea kwa sababu haikupangii ikoni kurasa kwa kurasa, unaandika herufi mbili tatu inakuletea kitu, ukiandika "mp" M-Pesa hiyo hapo, na kadiri unavyoitumia inajua unachopenda kufungua inakitanguliza. Inatafuta mpaka namba za watu ukiiruhusu. Ninayo kwenye simu yangu ya kazi, ile yenye kioo kilichopasuka, mwaka wa tatu huu.

Kama kuandika andika hutaki, chukua Niagara. Hiyo ni orodha moja tu inayoshuka chini, zile programu zako chache za kila siku zinakaa mbele, nyingine zote unazifikia kwa kuburuza dole gumba kwenye herufi zilizo pembeni mwa kioo. Ni nzuri kwa mtu ambaye mkono mmoja umeshika daftari la mzigo. Toleo la bure linatosha kabisa, la kulipia linakuongezea zaidi mapambo.

Lakini nisikudanganye. Zile kurasa za habari za pembeni, mara nyingi ni za hiyohiyo loncha ya kiwandani, kwa hiyo ukihama unaziacha huko. Matangazo yanayoshuka kutoka juu kama arifa ni kitu kingine, yanaletwa na programu zingine zilizomo humo ndani, hayo ukiyaona likandamize tangazo lenyewe kwa kidole mpaka simu ikuoneshe limetoka programu gani, uzime arifa zake hapohapo. Na kuganda je? Loncha nyepesi inapunguza, ila kama stoo, yani nafasi ya kuhifadhia vitu, imejaa video za magrupu hata uweke loncha ya malaika simu itaganda tu. Futa kwanza. Halafu jihadhari na loncha zenye ikoni za moto moto na maua yanayozunguka, nyingi zina matangazo kuliko hiyo unayoikimbia.

Kubadilisha ni hivi, ukishaipakua kutoka Play Store ingia Setingi, Programu, kisha Programu chaguo-msingi, utaona mahali pa skrini ya mwanzo, chagua unayotaka. Simu nyingine wanapaita tofauti kidogo, hapo andika "chaguo-msingi" kwenye kile kisanduku cha kutafutia juu ya Setingi.

Shikamoo fundi. Nipo UDOM mwaka wa pili, natumia loncha ya Nova tangu sekondari na nilinunua kabisa ile Prime, toleo la kulipia. Wenzangu hosteli wananiambia imekufa nihame. Ni kweli?
*Mwanachuo, Dodoma*

Marahaba mdogo wangu. Wenzako wana sababu ya kusema hivyo. Nova ilianza 2011 na kwa miaka mingi ukiuliza loncha ipi ni bora unajibiwa hiyo hata kabla hujamaliza swali. Mwaka 2022 ikauzwa kwa kampuni ya Marekani inayoitwa Branch, 2024 wafanyakazi wengi walioishughulikia wakapunguzwa, na Septemba 2025 Kevin Barry mwenyewe, yule aliyeianzisha, akatangaza kwamba ameondoka. Hiyo ya mwisho ndo iliyotuuma sisi wa zamani.

Kama kwako bado inafungua vizuri hakuna haja ya kukurupuka usiku huu. Ila ingia kwenye mipangilio yake utengeneze bekapu, yani nakala ya akiba, ya mpangilio wako, halafu anza kuizoea nyingine taratibu. Wewe uliyezoea Nova nadhani Lawnchair itakukaa mkononi, imejengwa juu ya loncha ya msingi ya Android, ni ya bure na msimbo wake uko wazi, unaanza upya kupanga lakini jioni moja inatosha. Smart Launcher nayo inakugawia programu kwa makundi yenyewe, za mawasiliano huku, za picha kule, wapo wanaoipenda, mi hainipendezi kupangiwa nyumba yangu. Hela ya Prime hesabu umeshaila, umeitumia miaka yote hiyo.

Fundi, mama yangu yuko Mpwapwa, macho yameanza kupungua. Nilimnunulia simu ya kupangusa ili tuonane kwa video lakini kila wiki ananipigia kwa simu ya jirani anasema WhatsApp imepotea. Nikienda naikuta imo ila ikoni imehama. Kuna loncha ya wazee?
*Binti yake, Area C*

Dada yangu, mama hapotezi kitu, ni kidole. Mtu aliyeshika jembe miaka arobaini ngozi ya dole gumba imekuwa ngumu na kavu, kioo hakimsikii vizuri, basi anakandamiza na kuvuta muda mrefu, na simu ikikandamizwa muda mrefu inadhani unataka kuhamisha ikoni. Inaishia kwenye folda au inaondolewa skrini ya mwanzo. Shangazi yangu wa Chamwino alikuwa hivyohivyo, nikakaa naye mchana mzima chini ya mbuyu nikimwangalia tu anavyoshika, ndo nikaelewa.

Kabla ya loncha, ikandamize skrini ya mwanzo mahali patupu kwa muda kidogo, ingia mipangilio yake uangalie kama kuna chaguo la kufunga mpangilio usihamishike. Simu nyingi za sasa zinalo. Washa. Pengine tatizo limeishia hapo hapo na hujapakua kitu. Kama simu yake ni Samsung ndani ya Setingi kuna hali rahisi, inakuza ikoni na maandishi, na muda wa kukandamiza nao unaweza kuurefusha.

Ikishindikana ndo uende kwa BIG Launcher au BaldPhone, zote zimetengenezwa kwa wazee na wenye uoni hafifu, vitufe vikubwa kama vipande vya sabuni. BaldPhone ni ya bure. BIG Launcher unajaribu bure halafu unalipia ukitaka yote.

Na jambo moja naomba unisikilize, mbadilishie ukiwa naye, usimbadilishie Dodoma ukamtumia na basi. Mzee hasomi "WhatsApp", anajua ni ile ya kijani chini kushoto. Kwa hiyo kwenye mpangilio mpya iache ya kijani chini kushoto, kupiga simu iache palepale alipopazoea, na picha yako wewe iweke yenyewe kama kitufe cha kukupigia. Vitu vinne au vitano, vingine vyote ondoa machoni. Kaa akupigie mara tatu bila wewe kugusa.

Mi natumia iPhone, loncha ipi inanifaa?
*Msomaji, Ilazo*

Hakuna bosi wangu. Apple hawaruhusu skrini ya mwanzo ibadilishwe na programu nyingine. Wijeti, vile vibao vya saa na hali ya hewa, walizileta kwenye skrini ya mwanzo na iOS 14 mwaka 2020, kupanga ikoni popote unapotaka na kuzibadili rangi ni iOS 18 ya 2024, hizo ndo zako. Ukikuta programu imejiita loncha ya iPhone ni wijeti tu imevaa suti.

Oya fundi, mi ni boda niko Nkuhungu. Kitufe cha pawa kimekufa kwa vumbi, nikaambiwa kuna loncha unagonga kioo mara mbili kinazima. Nimeweka, nilitumiwa kijiweni kwa WhatsApp, ila inaniomba ruhusa ya ufikivu na simu inanitisha eti inaweza kuona kila kitu kwenye skrini. Niikubali?
*Dereva boda, Nkuhungu*

Simu haikutishi bure mzee. Ruhusa ya ufikivu ilitengenezwa kwa ajili ya watu wenye ulemavu, programu ikipewa inaweza kusoma kilichoandikwa kwenye kioo na hata kubonyeza kwa niaba yako, na ndo maana matapeli wanaipenda, wewe unaingiza namba ya siri ya pesa yeye anaangalia. Loncha za kweli nazo zinaiomba kwa sababu ya kufunga kioo tu, Olauncher kwa mfano, ile ya maandishi matupu bila ikoni, msimbo wake uko wazi na imepakuliwa na watu wengi, hiyo mi ningeiruhusu bila wasiwasi. Lakini umeniandikia kwenye meseji kwamba yako ulitumiwa kijiweni kwa WhatsApp. Hiyo hapana, ifute leo. Kuanzia Android 13 simu yenyewe inakuzuia kuwapa ruhusa hii programu za kutumiwa hivyo, ukiona mtu anakuelekeza namna ya kukizunguka hicho kizuizi mkimbie.

Kuna njia isiyohitaji loncha yoyote. Kuanzia Android 9 simu nyingi zina menyu ya ufikivu, ingia Setingi, Ufikivu, uiwashe, utapata kitufe kidogo pembeni ya kioo na ndani yake kipo cha kufunga skrini. Ni cha simu yenyewe, hakuna mgeni anayeangalia.

Na hicho kitufe cha pawa usikizike mapema. Vumbi la Nkuhungu mwezi wa nane nalijua, linaganda na jasho la mfukoni linakuwa kama udongo wa kichuguu. Zima simu, chukua mswaki wa zamani mkavu, sugua ukingoni taratibu huku umeiinamisha upande ili uchafu udondoke nje, usipulize kwa mdomo maana unapeleka mate ndani. Bonyeza bonyeza mara ishirini hivi. Kikigoma ndo uje Majengo tukifungue.