Kambale wa kukaanga: chenga zishike, ganda lilie

Barua za jikoni mwezi huu karibu zote zinamhusu kambale, ambaye baadhi yenu mnamwita kambare na ndugu zetu wa Kisumu wanamwita mumi. Mnataka minofu yake iliyozungushiwa chenga za mkate, kavu nje na laini ndani. Tumejibu sita.

Naomba vipimo kamili kwa watu sita. Kambale nimezoea kumbanika au kumpika kwa nazi, hii ya chenga sijawahi.
*Msomaji, Morogoro*

Watu sita watatosheka na kilo 1 ya minofu. Kichwa cha kambale ni kikubwa, kwa hiyo ukinunua mzima tafuta wa kilo 2 na nusu hivi. Kichwa chenyewe usitupe, kina mchuzi mzuri.

Mchune ngozi. Samaki huyu hana magamba, na ngozi yake ikipata moto hukaza na kujikunja, chenga zikabanduka nayo. Kama ute unakusumbua, msugue kwanza kwa chumvi ya mawe au majivu, kisha msuuze. Kata mduara nyuma ya kichwa, shika ukingo wa ngozi kwa koleo, uvute kuelekea mkiani. Kichwa kishikie kwa kitambaa kikavu, na ujihadhari na miiba miwili ya mapezi ya kifuani, inachoma vibaya. Toa minofu, kisha ikate vipande vya upana wa vidole vinne na unene wa sentimita 1 na nusu. Vinene zaidi ya 2 vitabaki vibichi katikati wakati nje kumeshaiva.

Viungo vya samaki: chumvi kijiko cha chai 1 na nusu, pilipili manga kijiko cha chai 1, maji ya ndimu 2, kitunguu saumu punje 4 na tangawizi ya ukubwa wa kidole gumba. Hivyo viwili vya mwisho vitwange, uvikamue, utumie maji yake tu. Makapi yakibaki juu ya samaki huungua kabla samaki hajaiva na kuacha uchungu. Acha dakika 20. Zikizidi 30, ndimu huanza kuipika nyama kwa nje na inakuwa kama mpira.

Sasa hatua ambayo wengi huiruka: toa vipande, futa kila kimoja kwa kitambaa safi au karatasi ya jikoni hadi kisiache unyevu mkononi. Usiogope kwamba unafuta ladha, chumvi na ndimu zimeshaingia.

Panga sahani tatu. Ya kwanza, unga wa ngano kikombe 1 na chumvi nusu kijiko cha chai. Ya pili, mayai 3 yaliyopigwa na maziwa vijiko vya chakula 2. Ya tatu, gramu 250 za chenga kavu za mkate, ambazo ni kama slesi 12. Pitisha kipande kwenye unga, kikung'ute vizuri, kitumbukize kwenye yai, kiache kichuruzike, kisha kizike kwenye chenga na kukigandamiza kwa kiganja. Mkono mmoja ushughulike na vikavu, mwingine na yai, la sivyo vidole ndivyo vitakavyopata ganda nene kuliko samaki. Panga vipande kwenye sinia bila kugusana, vipumzike dakika 15.

Mafuta ya alizeti au mahindi, kina cha sentimita 4 kwenye karai zito, yasizidi nusu ya karai. Joto liwe kati ya nyuzi 175 na 180. Kaanga vipande vitatu au vinne kwa mkupuo, dakika 2 na nusu hadi 3 kila upande. Ameiva akiwa mweupe hadi katikati na anaachana kwa nyuzi ukimgusa kwa uma. Mwenye kipimajoto aone angalau nyuzi 63 katikati ya kipande.

Chenga zangu hubanduka zote kwenye mafuta, nabaki na samaki mtupu na mafuta machafu. Nakosea wapi?
*Msomaji, Mwanza*

Karibu kila mara kosa ni maji. Samaki mbichi amejaa maji, na akiingia kwenye mafuta ya moto maji hayo hugeuka mvuke na kutafuta njia ya kutoka. Kama uso wa kipande ulikuwa na unyevu, mvuke unajikusanya chini ya ganda na kulisukuma hadi linavuka kama shati. Minofu iliyotoka kwenye barafu ndiyo mibaya zaidi: iyeyushe usiku kucha kwenye friji ikiwa juu ya chujio, kisha ifute mara mbili.

Sababu ya pili ni unga mwingi. Kazi ya unga ni kukausha uso ili yai lipate pa kushika, na yai likipata moto huganda na kuwa gundi. Unga ukiwa mnene, ule wa chini haufikiwi na yai, unabaki vumbi, na ganda lote linateleza juu ya vumbi hilo. Ndiyo maana tunasema kikung'ute. Ukiruka unga kabisa ni hasara ileile, kwa sababu yai peke yake huteleza kwenye nyama ya kambale yenye mafuta.

Angalia pia kama unakaanga papo hapo baada ya kuzungushia. Katika zile dakika 15, chenga hunywa yai na kushikana. Halafu usigeuze mapema: kipande kikiingia kwenye mafuta kiache angalau dakika 2 bila kukigusa, ganda likaze. Tumia koleo la chakula au mwiko mpana. Uma hutoboa ganda na kuufungulia mvuke tundu.

Na hizo chenga ni za aina gani? Zikisagwa hadi kuwa unga hufanya tabaka zito lisilopumua. Zinazofaa ni za ukubwa wa chenga za mchele. Kausha slesi kwenye oveni ya nyuzi 120 kwa dakika 25 hivi bila kuzigeuza rangi, au zianike juani zikiwa zimefunikwa kwa kitambaa chepesi hadi zivunjike zenyewe, kisha ziponde kwenye mfuko kwa kifimbo cha chapati. Epuka mkate mtamu. Mikate mingi ya slesi madukani ina sukari, na sukari hubadilika rangi haraka: nje hudhurungi, ndani mbichi. Boflo lisilo na sukari ni bora. Ukipenda ganda gumu zaidi, changanya sehemu 3 za chenga na sehemu 1 ya unga wa dona. Sembe ni laini mno kwa kazi hii.

Kambale wa bwawani ana harufu ya tope hata nikimkamulia ndimu kumi. Inatoka wapi, na inaondokaje?
*Msomaji, Kisumu*

Tutenganishe mambo mawili. Shombo ni harufu ya samaki anayeanza kuchoka, na ndimu huipunguza sana. Harufu ya tope ni kitu kingine: inatokana hasa na kemikali iitwayo jiosmini, ambayo hutengenezwa na vijidudu vya majini, hasa kwenye mabwawa yenye mbolea nyingi na maji yaliyotulia. Ndiyo ileile unayoisikia mvua ya kwanza inapopiga udongo mkavu. Samaki huipata kupitia matamvua na kuihifadhi kwenye mafuta ya mwili, na kambale ana mafuta ya kutosha. Kwa hiyo samaki anaweza kuwa mzima kabisa, wa leo asubuhi, na bado akanuka tope.

Dawa ya kweli iko kwa mfugaji: awaweke kambale hai kwenye maji safi yanayobadilishwa, bila chakula, kwa siku kadhaa kabla ya kuuza. Muulize muuzaji wako kama hufanya hivyo, na kama hafanyi, tafuta anayefanya. Akishakufa, kinachobaki ni kupunguza tu. Kata na utupe mafuta ya manjano ya tumboni pamoja na ule ukanda wa nyama nyekundu iliyokolea unaopita ubavuni, maana mafuta mengi yako humo. Kisha loweka minofu kwenye maji baridi lita 1 yenye siki vijiko vya chakula 2, nusu saa. Asidi huivunja jiosmini kiasi. Maziwa ya mgando yanafaa vilevile. Ukiloweka hivi, punguza ndimu ya viungo iwe moja, na ukaushe kwa bidii zaidi.

Natumia jiko la mkaa na sina kipimajoto. Nitajuaje mafuta yako tayari?
*Msomaji, Bujumbura*

Subiri mkaa ushike wote na uanze kuvaa majivu, ndipo uweke karai, kwani moto wenye miali hupanda na kushuka. Tupia kipande cha mkate cha sentimita 2. Kikipata rangi ya dhahabu kwa takriban dakika 1, anza. Kikiwa bado cheupe, ngoja, kwa sababu ganda litakunywa mafuta. Kikiwa cheusi kabla ya nusu dakika, ipua karai kidogo. Mafuta yakitoa moshi yamepitiliza.

Kila mkupuo wa samaki hushusha joto, kwa hiyo usijaze karai, na kati ya mkupuo na mkupuo chota chenga zilizoanguka, ngoja dakika 1 au 2 joto lirudi. Moto ukishika ndani ya karai, funika kwa mfuniko wa bati na uache upoe. Maji kamwe, yatautawanya moto jikoni kote.

Hapa Houston pakiti nyingine zimeandikwa "catfish", nyingine "swai", na minofu inafanana. Swai hunivunjikia. Ni samaki mmoja?
*Msomaji, Texas*

Hapana. Tangu mwaka 2002 sheria ya Marekani inaruhusu jina "catfish" kwa jamii ya kambale wa Marekani peke yake, nao kwa wingi hufugwa Mississippi na Alabama. Swai ni pangasi, kambale wa jamii nyingine, na anatoka hasa Vietnam. Nyama yake ni laini na ina maji mengi, ndiyo maana inavunjika. Ukiwa na swai, weka chumvi dakika 20, ifute, iweke kwenye friji bila kufunikwa kwa saa 1, kisha ikaange ikiwa baridi. Kwa catfish wa hapo, jaribu pia namna ya wenyeji wa majimbo ya kusini: bila mkate, unatumbukiza kwenye maziwa ya mgando, kisha kwenye unga wa mahindi wa chembe uliotiwa chumvi, pilipili manga na pilipili kavu ya unga. Ganda huwa jembamba na kavu zaidi ya la chenga, na hupendeza kwa kachumbari.

Wageni watakuja jioni, wengine ni Wasabato. Naweza kukaanga mchana nikapasha moto? Na nikifunika hotipoti ganda linalainika, nifanyeje?
*Msomaji, Dar es Salaam*

Dada, Wasabato wengi hawali samaki asiye na magamba, hivyo waandalie sato au sangara kwa vipimo hivihivi. Kaanga hao kwanza, ndipo kambale aingie kwenye mafuta.

Usikaange mchana. Zungushia chenga mchana, panga kwenye sinia, weka kwenye friji bila kufunika kwa muda usiozidi saa 4, na ukaange wageni wakishakaa. Hotipoti ndiyo inayokuharibia: mvuke wa samaki hauna pa kutokea, unarudi kwenye ganda. Karatasi iliyolowa mafuta chini ya vipande vilivyorundikana hufanya vivyo hivyo. Toa samaki, weka juu ya wavu wa kupozea keki, kimoja kimoja, kukiwa na nafasi ya hewa chini. Kama ni lazima wasubiri, oveni ya nyuzi 100 hukaa nao nusu saa bila kuharibika. Wakibaki, waingie kwenye friji ndani ya saa 2, na kesho wapashe kwenye oveni ya nyuzi 200 kwa dakika 8, juu ya wavu uleule.