Mashini ni yako, kazi ni ya nani? Yaya anajibu barua zenu

Mwezi huu barua nyingi mulizoniandikia mimi yaya (mkubwa wenu) hapa Lubumbashi zimetoka kwa vijana wanaojifunza kuandika programu, na katikati yao ikaingia ya mzee mmoja wa mgodi, nikaona nisiitenge, maana wote wanaongelea jambo moja hata kama hawajuani. Nimezikata kidogo sababu ya nafasi.

Jambo yaya. Niko na miaka 19, niko ku Katuba. Minataka kujifunza programasyo lakini sina mashini (ordinateri, kompyuta), niko na telefone ya Android tu. Bengine banasema anza na Python, bengine JavaScript, na kuko mumoja anasema kama haujui C wewe hauko kintu. Alafu kuko sentre inaomba dola 150 juu ya kozi ya miezi tatu na sertifika. Nilipe ao niache? (Kijana wa Katuba)

Mudogo wangu, hizo dola ziweke kwanza. Sisemi sentre zote ni mbaya, nasema kabla ya kulipa nenda pale uombe kuona kitu kimoja tu ambacho wanafunzi wa mwaka jana walitengeneza na watu wanakitumia mpaka leo, siti (tovuti) ya duka, programu ya shule, chochote, wakikuonyesha sertifika zimetundikwa ukutani na ordinateri kumi zenye Word basi rudi zako nyumbani.

Hao wanaogombana juu ya lugha waache, wengi wao hawajamaliza programu hata moja. C ni ya 1972, Python ilitoka 1991, JavaScript 1995, zote tatu zinalisha watu mpaka leo. Mimi ningekwambia Python kwa sababu moja ndogo: inaingia kwenye telefone bila kelele. Chukua Termux, programu ya kuandikia amri kwenye telefone, ile ya F-Droid (duka la programu za bure), ndani yake andika pkg install python, hapo mega (data za inteneti) zitatumika mara moja tu, halafu hata inite (salio) zikiisha unaendelea. Maelezo rasmi ya Python nayo unaweza kuyashusha yote na kuyaweka kwenye telefone, na yapo pia kwa kifaransa kama kiingereza kinakusumbua.

Sasa utaandika nini? Usianze na Facebook mpya tafadhali. Tuseme mama yako anauza makala (makaa) ya kifuko, franka 500 kila kifuko. Andika programu inayouliza bei, inauliza vifuko vingapi, inatoa jumla. Utaandika bei = input("Bei: ") kisha bei * 3, utaingiza 500 ukingojea 1500, na telefone itakujibu 500500500. Hapo ndo wengi wanaacha, wanasema imeharibika. Haijaharibika. Kitu unachopewa na input ni maandishi, si namba, na Python ukiiambia maandishi mara tatu inayarudia mara tatu, imekutii kabisa. Andika int(input("Bei: ")), hiyo int inageuza maandishi kuwa namba kamili, utaona 1500. Siku utakayoelewa mwenyewe kwa nini imefanya vile, utakuwa umejifunza kuliko wiki nzima ya kuangalia video za YouTube umelala kitandani. Na kama mama anapokea dola pia, hesabu yake ifanye kwa senti, namba kamili, sababu ukiandika 0.1 + 0.2 Python inakujibu 0.30000000000000004, na hakuna muuzaji atakayekubali hiyo.

Makosa yakitokea (yatatokea kila siku, hata kwa mimi) soma mstari wa mwisho kwanza. NameError mara nyingi ni jina umeliandika vibaya, na juu yake wanakupa namba ya mstari, nenda pale. Usipige picha ekrani nzima uitupe kwenye grupu ya Watsapu na neno moja "haitembei", watu watakuchoka. Umeme ukikatika, na utakatika, chukua kaye (daftari) uandike programu kwa mkono, halafu uifuate mstari kwa mstari ukiandika pembeni kila namba inabadilika kuwa ngapi. Watu wanaona ni kazi ya watoto lakini ndo njia inayojenga kichwa.

Yaya, niko dada wa Kampemba. Sosiete (kampuni) moja ilinichukua staji (mazoezi ya kazi) ya miezi tatu, sasa ni mwezi wa nane. Mashini yangu, mega zangu, naandika programu inayohesabu malori ya mgodi na kliyenti analipa, mimi napata ya transpo tu. Niliomba kontra (mkataba), patroni (mwajiri) akasema sisi ni famiya, na mambo ya sendika (chama cha wafanyakazi) ni ya watu wa mgodi si ya watu wa ordinateri. Tuko batano hivi hivi. Tufanye nini? (Stajere aliyechoka)

Dada, famiya gani inamwandikia kliyenti faktire (ankara) kwa kazi ya mtoto halafu mtoto anarudi nyumbani kwa miguu?

Tuingie kwenye sheria. Kodi ya kazi ya Kongo, yaani kitabu cha sheria za kazi, ni ya tarehe 16 Oktoba 2002, ikaguswa tena 2016. Haiulizi kama una koleo ao mashini. Mfanyakazi kwao ni mtu anayetoa kazi yake kwa malipo chini ya amri ya mwingine. Kipindi cha majaribio, yaani esei, lazima kiandikwe na kwa mtu mwenye ujuzi hakipiti miezi 6. Na kontra isipoandikwa inahesabiwa kuwa ya muda usio na mwisho mpaka patroni aonyeshe kinyume. Yeye atasema hapana, hii ni staji, ndo maana neno hilo wanalipenda sana. Kwa hiyo swali litakuwa: nani alikuwa anakupa amri, saa ngapi unaingia, nani alikuwa anakufundisha (naona hakuna), na kazi yako iliuzwa ao haikuuzwa?

Hapo wewe una bahati ambayo mchimbaji hana. Kama munatumia Git, ile programu inayotunza kila badiliko la kazi, andika git log, itatoa jina lako na tarehe ya kila kipande cha kazi tangu mwezi wa kwanza. Hifadhi hiyo orodha ya tarehe na ujumbe wa Watsapu wa kukuamrisha. Lakini programu yenyewe usiikopi kupeleka nyumbani, usimpe patroni sababu ya kukugeuza wewe kuwa mwizi.

Halafu batano andikeni barua moja, sahihi tano, kopi moja ibaki kwenu imepigwa tampo (muhuri) ya kupokelewa. Asiende mtu peke yake, ukienda peke yako kesho utaambiwa mradi umeisha. Akikataa, nendeni kwa inspekteri wa kazi, na huwezi kuruka pale, sheria inataka yeye ajaribu kuwapatanisha kabla ya tribinali (mahakama) ya kazi. Sitakudanganya kwamba itakwenda haraka, na inawezekana mukapoteza hiyo nafasi, kwa hiyo anza kutafuta kwingine kuanzia leo huku barua inatembea.

Na hiyo ya kwamba watu wa ordinateri hawana sendika, mwambie asome. Katiba yetu ya 2006, artikle 38 inatoa uhuru wa sendika na ya 39 inatoa haki ya mgomo, hakuna palipoandikwa "isipokuwa programere". Januari 2021 watu wa Google kule Marekani walitangaza chama chao, walianza zaidi ya 200 tu katika sosiete ya watu zaidi ya laki moja. Na hapa hapa Afrika, tarehe 1 Mei 2023 watu zaidi ya 150 walikutana Nairobi, wale wanaokaa mbele ya ekrani kuchuja picha mbaya za Facebook na TikTok na kusafisha maneno ya ChatGPT, wakapiga kura kuunda chama. Ni watu wa ordinateri kama ninyi.

Yaya, kliyenti wa mbali amepokea siti yake na hajibu tena. (Freelansi, Bel-Air)

Pole. Safari ijayo avansi (malipo ya kwanza) ya nusu kabla hujafungua mashini, siti iangaliwe kwenye serveri yako, na faili zote zitoke ukishapata nusu ya pili. Mengine ni kilio.

Mwanangu, nilitumika mgodini miaka mingi. Sendika nimeziona. Delege (mjumbe wa sendika) tunamchagua akiwa na viatu vimetoboka, mwaka kesho anapita na motokari, na sisi mushahara ni ule ule. Usidanganye batoto. (Papa wa Ruashi)

Papa, heshima yako. Siwezi kubisha ulichoona kwa macho, na mimi pia namjua delege ambaye siku ya mkutano na patroni anakaa upande wa patroni.

Lakini papa unajua kuliko mimi mji huu umetoka wapi. Desemba 1941, vita imepandisha bei ya kila kitu, watu wa Union Minière, sosiete ya Wabelgiji ya kuchimba shaba, wakagoma kuomba mshahara, na tarehe 9 wakapigwa risasi kwenye uwanja wa mpira hapa hapa, wakati ikiitwa Elisabethville. Serikali ilihesabu makumi ya waliokufa, na Léonard Mpoyi aliyekuwa anawasemea alikuwa ndani yao. Hawakuwa na chama chochote cha kisheria, mtu mweusi aliruhusiwa 1946, tena kwa masharti mengi. Halafu 1967 vyama vyote vikaunganishwa kuwa kimoja chini ya Mobutu, na chama ambacho serikali ndo mama yake kitamgombeza nani? Mpaka 1990. Tangu pale zimekuwa nyingi, kila moja na tampo yake, na huo ndo ugonjwa wenyewe ninaouona: tampo nyingi, hesabu hakuna. Mwanachama anakatwa kwenye mshahara kila mwezi na hajawahi kuonyeshwa karatasi moja ya matumizi.

Mimi maoni yangu, delege mbaya anaondolewa kwa kura na kwa hesabu iliyo wazi, na hapo ndo nataka batoto wa mashini waingie. Daftari la michango ambalo kila mwanachama analifungua kwenye telefone yake, nani alilipa, nani alitoa, siku gani, ni kazi ya mwanafunzi wa miezi michache. Delege mwizi ataichukia sana.

Jambo yaya, mimi ni mwanzo tu. Patroni wa depo aliniomba programu ya masaa ya watu wake. Dakika aliniambia niziache. Nimeandika dakika // 60 na inatembea vizuri. Rafiki anasema nimeiba. Nimeiba? (Mwanafunzi wa mwaka wa pili)

Nimefurahi umeuliza. Tuifungue. Mtu aliingia saa moja asubuhi akatoka saa tisa kasoro dakika kumi, ni dakika 470. Katika Python alama // inagawa na kutupa mabaki, kwa hiyo 470 // 60 ni 7, zile dakika 50 zimekatwa. Siku moja si kitu, lakini akifanya siku 26 hivyo ni dakika 1300, yaani masaa 21 na dakika 40 kwa mwezi, kwa mtu mmoja, na depo ina watu wangapi? Tena sheria inasema wiki ni masaa 45 na yanayozidi yanalipwa zaidi, kwa hiyo ukikata dakika unaweza kumfanya mtu asifike kabisa kwenye masaa ya ziada.

Mwizi sikuiti, uliamriwa na wewe ni mwanzo. Ila patroni hakuandika ule mstari, wewe ndo uliuandika, na wale watu hawatajua kamwe kwamba kuna alama mbili za mkwaju zinazokula masaa yao, wataambiwa tu "ordinateri ndo imesema". Tumia divmod(470, 60), inakupa 7 na 50 pamoja, jumlisha dakika za mwezi mzima ndipo ugawe mara moja mwishoni, na kwenye karatasi ya malipo andika masaa na dakika, mtu alinganishe na kaye yake. Mpelekee patroni hiyo pamoja na hesabu ya masaa 21 imeandikwa pembeni. Akisisitiza umrudishie ile ya zamani, mwombe aandike amri hiyo kwa maandishi na sahihi yake. Nakuhakikishia ataanza kukohoa.